"Leo" ya kwenye voisi ni leo ya lini?

Saa mbili usiku voisi ya dakika moja na nusu inaingia kwenye grupu la ukoo. Ni sauti ya mama anayehema, nyuma yake kelele za watu: "Jamani, leo kivuko kimezama huku, watu wamekwisha, ombeni." Kufika saa tatu imeshapita grupu la kwaya, la wazazi wa shule na la wauza dagaa. Wote wameshtuka, na wana haki ya kushtuka, maana hakuna familia ya Ukerewe, Sengerema au Bukoba isiyo na mtu wake anayevuka maji. Lakini katikati ya sentensi ile kuna neno moja ambalo hakuna aliyeliuliza: leo ya lini? Sauti haina tarehe. Aliyesema "leo" mwaka 2018 akirekodiwa, simu yako itakuambia "leo" mwaka huu, na mwakani pia itasema hivyo hivyo.

Uongo unaotufikia sisi wa pembeni ya Ziwa Victoria una sura yake, na kuijua sura hiyo ni nusu ya kazi. Mara chache ni kitu kilichobuniwa chote. Mara nyingi ni kitu cha kweli kilichohamishwa: picha halisi ya ajali nyingine, barua halisi iliyobadilishwa tarehe, video halisi ya Goma iliyopachikwa jina la Mwanza. Ndiyo maana swali "hii ni kweli?" linawakwamisha watu wenye akili zao timamu. Ukiitazama picha ya kivuko kilichopinduka, jicho litakujibu ndiyo, kwa sababu kivuko kile kilipinduka kweli. Maswali yanayofaa ni haya: ni ya lini, ni ya wapi, na ilianzia kwa nani. Mengine yote nitakayoeleza hapa ni njia za kuyajibu hayo matatu kwa simu ya kawaida na bando dogo.

Picha

Chukua mfano wa MV Nyerere. Kivuko kile kilipinduka Alhamisi, 20 Septemba 2018, kikitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Picha zake zinajulikana: tumbo la kivuko liko juu ya maji, waokoaji wamesimama juu yake, mitumbwi imekizunguka, nchi kavu iko karibu. Picha ya namna hiyo haichuji. Ajali yoyote ya majini ikitokea, au ikizushwa, ipo tayari kutumika tena.

Kuikagua kunachukua kama dakika tatu. Hifadhi picha kwenye galare, fungua programu ya Google, bonyeza alama ya kamera kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha ichague hiyo picha. Hapa wengi hukosea: wanaitafuta picha nzima ikiwa na maandishi mekundu, mishale na emoji za machozi zilizobandikwa juu yake. Mashine inayatafuta hayo maandishi badala ya kivuko. Vuta kona za fremu uchague sehemu safi tu: mwili wa chombo, jengo, mlima wa nyuma. Ukipata matokeo, usitosheke na la kwanza. Unachotafuta ni la zamani kuliko yote. TinEye inakuruhusu kupanga matokeo kuanzia la kale zaidi, na kwa kazi hii ni bora kuliko Google, ingawa hazina yake ni ndogo. Picha ikionekana mtandaoni mwaka 2018, haiwezi kuwa ya jana, na kesi imeisha.

Isipoonekana popote je? Hapo watu huruka na kusema "basi ni mpya, ni kweli". Hapana. Inaweza kuwa imegeuzwa kushoto kulia, imepunguzwa ubora kwa kupita simu mia mbili, au ni kipande cha video ambacho hakijawahi kuwekwa kama picha. Jaribu kuigeuza kwa programu ya kuhariri picha ya simu yako, tafuta tena, kisha tafuta kwa maneno: "kivuko kuzama", jina la mwalo (pale vyombo vinaposhusha), mwaka. Usipopata kitu, jibu lako ni kwamba bado hujui, na jambo usilolijua halisambazwi.

Kitu kingine kinachopoteza watu ni jina la faili. Picha iliyopokelewa WhatsApp kwenye simu nyingi za Android hupewa jina kama IMG-20250312-WA0007. Tarehe ile ni ya siku ilipoingia kwenye simu yako, siyo siku ilipopigwa. WhatsApp huondoa taarifa za kamera inapotuma picha ya kawaida, kwa hiyo saa na mahali pa kupigwa havimo tena ndani yake. Nimewaona watu wakibishana kwa kutumia jina hilo kama ushahidi. Halithibitishi chochote.

Video, na vitu ambavyo mtu wa Mwanza anavijua kuliko mashine

Video huwezi kuitafuta nzima. Ipige skrinshoti nne: mwanzo kabisa, penye bango au maandishi, penye gari au chombo, na penye mandhari pana. Kila moja itafute kama nilivyoeleza juu. Lakini kabla ya kugusa mtandao, itazame kwanza bila sauti. Sauti ndiyo inayokuambia uone nini. Ukiizima unaona kilichopo.

Namba za magari ni zawadi. Gari la Tanzania lina T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu, na pikipiki zina MC. Za Kenya zinaanza na K, za Uganda na U. Angalia pia upande wanaoendeshea: Tanzania, Kenya na Uganda wote tunakwenda kushoto, kwa hiyo hilo halitutofautishi na Kisumu wala Entebbe, lakini Congo, Rwanda na Burundi wanakwenda kulia. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, katika Ziwa Kivu, na video yake ikaenea dunia nzima. Ondoa maelezo, ondoa sauti, na mtu yeyote anaweza kuibandika jina la Nansio, Ukerewe. Kitakachokuokoa ni vitu vya pembeni: maandishi ya Kifaransa kwenye ukuta, magari upande wa kulia, vilima vilivyopanda moja kwa moja kutoka majini.

Kisha sikiliza Kiswahili chenyewe. Mtu wa Kisumu atakuambia matatu, mtu wa Igoma, hapa Mwanza, atasema daladala. Akisema "shule ya upili" hajatoka Nyegezi, sisi tunasema sekondari. Kiswahili cha Goma na Bukavu unakitambua ndani ya sekunde kumi. Maarifa haya tunayo bure, na nashangaa tunavyoyaacha mlangoni tukishika simu.

Majira nayo yanasema. Mto Mirongo wa hapa Mwanza ukijaa, mtaa wa Mabatini unaingiliwa na maji, hilo kila mtu wa hapa analijua. Lakini video ya mafuriko ya Mabatini ikikufikia Julai, katikati ya kiangazi, na wewe uko Mwanza hujaona hata manyunyu, isimamishe hapo hapo. Inaweza kuwa Mabatini kweli, ya masika ya mwaka wa nyuma.

Na kuna mwezi wa angani. Mfano huu nataka niuchambue vizuri, kwa sababu hapa uongo unaingia moja kwa moja mfukoni. Wachuuzi wengi wa dagaa wanategemea magrupu kujua bei ya soko la Mwaloni, Kirumba. Voisi inaingia: "Mwaloni leo dagaa wamemwagika, bei imeporomoka, mwenye mzigo auze haraka." Mchuuzi aliye Magu au Geita na magunia ishirini anaogopa, anauza kwa hasara kwa wa kwanza atakayempigia. Kabla hajauza, ayapime maneno yale kwa vitu anavyovijua. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti, na mitumbwi mingi inapumzika. Habari kwamba dagaa wabichi "wamemwagika" wakati mwezi umejaa inahitaji maelezo. Pili, bei ya kipimo gani, sado, debe au gunia? Ya dagaa gani, wa kuanikwa kwenye chanja au waliookotwa mchangani? Bei isiyo na kipimo wala daraja si bei. Tatu, piga simu mbili kwa watu wasiofanya biashara pamoja: mmoja muuzaji, mwingine kuli wa pale Kirumba, maana kuli anajua magari mangapi yameshusha na hana mzigo wa kuuza. Wakisema kitu kimoja, amini. Wakipishana, subiri asubuhi. Halafu jiulize nani anafaidika ukiuza leo usiku. Kwenye habari za biashara swali hilo ndilo ninaloliweka mbele ya yote.

Kweli inayofanana na uongo

Kuna watu wamechoka kudanganywa, sasa hawaamini kitu. Wanajiona wamekuwa wajanja, na mimi naona wako kwenye hatari ile ile. Siku mbili baada ya MV Nyerere kupinduka, ilitoka habari kwamba fundi mmoja ametolewa ndani ya kivuko akiwa hai. Ukiisoma ukiwa umekaa, inasikika kama hadithi ya kufariji wafiwa. Ilikuwa kweli: alikuwa kwenye sehemu iliyobaki na hewa. Aliyekataa habari ile bila kuikagua alifanya kosa lile lile la aliyeamini picha ya zamani bila kuikagua.

Mfano mgumu zaidi ni Marburg, ugonjwa wa virusi unaoua. Mkoa wa Kagera uliwahi kupata mlipuko uliotangazwa 21 Machi 2023 na kutangazwa kwisha 2 Juni mwaka huo. Kisha 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani likasema kuna washukiwa Kagera. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa, Biharamulo. Aliyekuwa anagawa dunia kwenye mafungu mawili, "kweli" na "uzushi", alichanganyikiwa wiki ile nzima. Tamko la kukanusha lazima lisomwe kwa makini kama tamko la kuthibitisha: linakanusha nini hasa, kwa vipimo vya siku gani, vya watu wangapi? "Sampuli tulizopima hadi sasa hazina virusi" na "hakuna ugonjwa" ni sentensi mbili tofauti. Ya kwanza inaweza kubadilika kesho bila mtu yeyote kuwa amedanganya jana. Kwa habari za afya, andika tarehe kando ya kila unachokisambaza, na ukisambaza cha zamani sema ni cha zamani.

Nasisitiza hili kwa sababu Kanda ya Ziwa tunajua uvumi unavyoua. Kina bibi wa Usukumani wameuawa kwa kuitwa wachawi kisa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa miaka mingi ya kupikia kuni na mavi ya ng'ombe. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyathibitisha. Maneno yale yalienea kwa mdomo. Leo mdomo ule una bando.

Barua, mabango na linki

Barua ya "Taarifa kwa umma" ikija kama picha, anza na kitu rahisi kuliko vyote: je, siku na tarehe vinalingana? Barua inayosema "Jumatatu, 14 Januari 2025" ina tatizo, kwa sababu siku ile ilikuwa Jumanne. Waghushi hubadilisha tarehe na kusahau siku. Kisha tazama mwandiko: mstari wa tarehe ukiwa na herufi nene au nyembamba kuliko mistari mingine, umebandikwa. Baada ya hapo nenda kwenye akaunti ya taasisi yenyewe, usiende kwa kubonyeza, andika jina mwenyewe. Mabango yenye nembo ya gazeti au redio yakague vivyo hivyo: fungua ukurasa wao, teremka hadi saa ile, uone kama lipo. Kama chombo kimefuta posti, mara nyingi kinaeleza.

Tahadhari za hali ya hewa zina umbo lake, na ukilijua umbo hilo huwezi kudanganywa kirahisi. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) inatumia ngazi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Inataja maeneo kwa majina, siku, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Voisi inayosema "kimbunga kinaingia Ziwa Victoria usiku huu, TMA wamesema" haina hata kimoja kati ya hivyo. Vimbunga kama Hidaya, kilichofika pwani yetu Mei 2024, huzaliwa baharini. Hatari ya ziwa letu ni ngurumo na pepo za ghafla, hasa usiku na alfajiri, na hizo zinaua vya kutosha bila kupewa jina la uongo. Mvuvi aliyedanganywa mara tatu na kimbunga cha WhatsApp ndiye atakayepuuza angalizo la kweli mara ya nne.

Linki isome kutoka kulia. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza wa pekee baada ya jina la tovuti, simama hapo, kisha rudi nyuma. Tovuti ya serikali yetu inaishia .go.tz mahali hapo. Anuani kama portal.ajira.go.tz ni ya Sekretarieti ya Ajira. Anuani iliyoandikwa ajira-go-tz kisha ikaishia .com au .xyz ni ya mtu mwingine, hata kama ndani yake kuna bendera na nembo ya Taifa. Na ukurasa wowote unaokutaka usambaze kwa marafiki kumi au magrupu matano kabla ya kupewa GB, ajira au mkopo, ufunge. Umeletwa uwe msambazaji, na GB hazipo.

Zile SMS za "ile hela tuma kwenye namba hii" usizifute tu: zitume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, ufuate maelekezo utakayojibiwa. Na piga *106# mara kwa mara uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kilichoachwa nje ya fremu

Kuna udanganyifu ambao hakuna programu itakayoukamata, kwa sababu kila picha ndani yake ni ya kweli. Mwanza ina mfano wake. Filamu ya kigeni iliyopigwa hapa na kutoka mwaka 2004, ambayo mtaani ikajulikana kwa jina la mapanki, ilionyesha mifupa ya sangara ikianikwa na kuliwa huku minofu ikipanda ndege kwenda Ulaya. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani, na mji ukagawanyika. Mapanki yalikuwepo, hakuna mtu wa hapa atakayekataa. Ubishi ulikuwa juu ya kile ambacho kamera haikukigeukia, na juu ya mambo yaliyowekwa jirani kwa jirani ili mtazamaji ayaunganishe mwenyewe. Sitaki kumaliza ubishi ule hapa. Nataka uchukue namna ya kutazama: unapoonyeshwa kitu cha kweli, uliza nani alichagua kianze wapi na kiishie wapi, muziki gani umewekwa chini yake, na nani hakuulizwa. Uliza hivyo hivyo kwa wanaotusema vibaya na kwa wanaotusifu.

Kurekebisha kwenye grupu bila kuvunja ukoo

Kwanza tazama alama. Ujumbe wenye mishale miwili umeshapita mikono mitano au zaidi kabla ya kufika kwako, kwa hiyo aliyekutumia si mwandishi wake. Usimshambulie. Mtu mzima akiaibishwa mbele ya watoto atautetea uongo ule kulinda heshima yake, na umeshampoteza. Mfuate pembeni: "Shikamoo baba mkubwa. Ile picha ya kivuko nimeiangalia, ni ya Ukara, Septemba 2018. Ukiandika mwenyewe kwenye grupu kwamba ni ya zamani, watu watatulia haraka zaidi, maana wanakusikiliza wewe." Mara nyingi anaandika.

Ukirekebisha hadharani, anza na ukweli: "Vivuko vyote vimefika salama leo, nimempigia mtu wa Bugolora." Kisha taja uzushi mara moja tu, kwa ufupi, na mwishoni weka linki au skrinshoti ya tarehe ya zamani. Usiitume tena picha ile ikiwa safi. Ichore mstari mnene juu yake na uandike YA ZAMANI, la sivyo jioni itasambazwa upya bila maneno yako. Ukikwama, kuna wanaokagua habari mtandaoni: PesaCheck wana makala za Kiswahili, na JamiiCheck wanapokea maswali ya watu wa kawaida.

Admini wa grupu ana uwezo wa kufunga grupu ili maadmini pekee waandike. Dakika ishirini za kufunga usiku wa taharuki zinatosha kupiga simu mbili. Ajue pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha habari akijua ni za uongo kwa nia ya kupotosha: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote.

Na kama aliyesambaza ni wewe, WhatsApp inakupa siku mbili na ushee kuufuta ujumbe kwa wote. Futa, lakini usiishie hapo, kwa sababu kufuta kwako hakufuti nakala ambazo wengine wameshazipeleka. Rudi kwenye kila grupu ulilotuma, moja moja, uandike ulituma nini, kosa lilikuwa wapi, na picha ile ni ya lini.